Ng'washi, Fundi wa Kinanda cha Magu

Ng'washi binti Machibya alikuja kanisani kwetu Magu mara ya kwanza akiwa na bisibisi mfukoni mwa gauni. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1989, katikati ya msimu wa pamba, na kinanda cha umeme tulichoachiwa na mapadre wa zamani kilikuwa kimeanza kulia kama mbuzi aliyefungwa juani. Mwalimu Venant, mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa amesikia kwamba pale kiwanda cha kuchambua pamba kuna mtu anayetengeneza mizani na redio. Akaomba aletwe.

Nilikuwepo, maana Jumamosi ndiyo siku yetu ya mazoezi. Naitwa Hellen. Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la tatu, na kanisani nilikuwa naimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Tulipomwona fundi mwenyewe tulichekea viganjani. Tulitarajia mwanamume mwenye sanduku la vyuma. Akaingia dada mwembamba wa miaka ishirini na sita, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele. Alitusalimia, akakizunguka kinanda, akafungua skrubu nane za mgongoni na kuzipanga mstari mmoja juu ya benchi. Kisha akasimama akitazama ndani kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

"Unakijua kinanda?" Mwalimu Venant akamwuliza.

"Sikijui, mwalimu. Lakini kimetengenezwa na watu."

Tukaacha kucheka.

Alichokikuta humo ndani alinieleza miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumeshakuwa marafiki. Kulikuwa na kisanduku cha bati, kidogo kama kiberiti, na ndani yake koili ya waya na kapasita, kijidude cha kuhifadhi umeme. Hivyo viwili vilikuwa vinasukumana na kurudishana umeme mara milioni mbili kwa sekunde moja. Mapigo hayo yalikwenda kwenye chipu iliyoyagawa kwa hesabu kumi na mbili tofauti, na kutoka hapo zikapatikana sauti zote za kinanda, kuanzia ile nyembamba kama filimbi hadi ile nene inayotikisa benchi. Kwa hiyo kisanduku kikiongeza mwendo, kinanda kizima kinapanda. Kikilegea, kinanda kizima kinashuka. Na kilikuwa kinalegea kila siku, kwa sababu koili ina tabia ya kubadilika na joto. Misa ya kwanza, upepo wa ziwa ukiwa bado unaingia madirishani, kinanda kilikuwa hapa. Saa tano, mabati yakishapata moto, kilikuwa pale.

Dawa yake ilikuwa skrubu moja laini katikati ya koili. Ukiizungusha kwa kijiti cha plastiki, sauti inapanda au inashuka. Basi kila Jumamosi saa tisa, kabla ya mazoezi, Ng'washi alitembea kutoka kiwandani, akapiga magoti nyuma ya kinanda, na Mwalimu Venant akakaa mbele, kidole kimoja juu ya kibonyezo, macho ameyafumba.

"Panda," alikuwa anasema. "Panda tena. Umepita. Rudi nywele moja. Hapo! Acha hapo hapo."

Hakutumia chombo chochote. Alisikiliza tu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka ishirini na mitano. Katika miaka hiyo Ng'washi aliolewa na Ngosha, dereva wa lori la pamba, akamzaa binti yao Kija, na tangu hapo wengi tukamwita Mama Kija. Ngosha alipofariki, binti akiwa darasa la tano, kwaya nzima tulikwenda kumzika kule kijijini kwao, na Mwalimu Venant aliimba peke yake kaburini kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeweza kumaliza wimbo. Jumamosi iliyofuata, saa tisa, Ng'washi alikuwa nyuma ya kinanda kama kawaida. Mwalimu hakumwambia pole. Alisema, "Panda kidogo," na yeye akapandisha.

Kwaya yetu ilikuwa na jina katika siku zile. Tulialikwa Nassa, tulialikwa Kisesa, tukafika hadi Bunda. Waalikwa wengine walisafiri na ngoma. Sisi, palipokuwa na umeme, tulisafiri na kinanda chetu kwenye lori, Ng'washi amekaa juu yake akikishikilia kama ng'ombe wa mahari. Na mimi niseme bila aibu, nilikuwa na sauti. Wenzangu wa rika langu walianza kuhamia sauti ya pili wakiwa na miaka arobaini na kitu. Mimi nilibaki juu. Nikiwa na miaka hamsini na minane bado nilikuwa nafika kileleni bila kukunja uso, na nilijisifu mbele za watu, Mungu anisamehe.

Mwalimu Venant alifariki mwaka 2014. Ng'washi aliendelea kuja Jumamosi, akawa anazungusha na kusikiliza mwenyewe, lakini alikuwa anahangaika. "Mkono wangu unajua," aliniambia, "sikio langu halijui." Kinanda kikawa kinayumba. Mwaka 2018 mvua za masika zilivujisha paa, maji yakaingia mgongoni mwa kinanda, na kile kisanduku cha bati kikala kutu hadi koili ikakatika. Sauti ikafa moja kwa moja. Tukakifunika kwa kitambaa cha altare kilichochakaa, na parokia ikanunua kinanda kidogo cha plastiki cha kuweka juu ya meza. Hicho kilikuwa cha nyimbo mpya za vijana; zile za zamani tuliziimba bila kinanda. Kwaya ikapata mwalimu mpya, kijana mmoja wa kutoka Mwanza mjini aitwaye Jonathan, mwenye elimu ya muziki na tarumbeta tatu.

Ng'washi alipostaafu kiwandani alihamia Buhongwa kwa binti yake. Kija alikuwa amesomea mambo ya mawasiliano, anafanya kazi kwenye minara ya simu, na madaftari yake ya chuo alikuwa ameyaweka kwenye boksi chini ya kitanda. Mama yake akaanza kuyasoma. Mwanamke wa karibu miaka sitini, miwani imefungwa kwa uzi, anasoma daftari la mtoto wake kuanzia ukurasa wa kwanza, na asipoelewa anasubiri Kija arudi kutoka kazini amwulize. Kija alinisimulia kwamba jioni nyingi alikuta chakula kimepoa na mama amejaza karatasi kwa tarakimu, moja na sifuri, moja na sifuri, kama mtu anayesuka ukili.

Mwezi wa pili mwaka 2022 alinipigia simu.

"Dada Hellen, kile kinanda bado kipo?"

"Kipo. Panya wanakijua zaidi yetu."

"Nakuja Jumamosi."

Alikuja na ubao mdogo wa kielektroniki, sawa na kadi ya kliniki kwa ukubwa. Paroko alitaka kuelewa kabla hajaruhusu mgongo wa kinanda ufunguliwe, basi Ng'washi akamweka kitini kwenye sakristia, chumba cha mavazi ya misa, akaomba kopo tupu na mbegu za pamba.

"Baba, zamani tulikuwa na koili," alisema. "Koili ni kama mtu: akipata joto analegea. Hapa nimeweka kristali. Hii haijali joto wala baridi, inapiga mwendo ule ule mwaka hadi mwaka. Shida yake ni kwamba haina skrubu. Huwezi kuiambia panda au shuka."

"Sasa utarekebishaje sauti?"

"Kwa kuhesabu. Tuchukulie kopo hili linajaa kwa mbegu elfu moja. Kristali ikipiga pigo moja, natupa mbegu arobaini. Ikipiga tena, arobaini nyingine. Kopo likijaa, napiga kelele: Pii! Namwaga elfu moja, kilichozidi kinabaki ndani, naendelea. Hizo kelele zangu ndizo mapigo mapya ya kinanda. Nikitaka ziende haraka zaidi, sigusi kristali. Kila mara natupa arobaini na moja badala ya arobaini."

Paroko alitupa mbegu chache koponi, akafikiri. "Kwa hiyo skrubu yako sasa ni namba."

"Ndiyo, baba. Ndani ya ubao hakuna kinacholegea. Kuna kujumlisha tu, mamilioni ya mara kwa sekunde."

Hakufaulu siku hiyo. Kinanda kililia, lakini sauti za juu zilikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayeimba huku anatafuna mchanga. Ng'washi alisikiliza, akang'amua kosa kabla hajafunga mgongo: kristali yake ilikuwa ya mwendo mdogo. Kopo lilikuwa linajaa mara baada ya mapigo manne, mara baada ya matano, na kule kuchechemea ndiko tulikokuwa tunakusikia. Akarudi Buhongwa. Baada ya wiki tatu alileta ubao mwingine wenye kristali iendayo kasi mara nyingi zaidi, ili pigo likiwahi au likichelewa, iwe kwa kitu kidogo ambacho sikio la binadamu haliwezi kukishika. Akauwasha. Kinanda kikafungua mdomo, na mzee wetu Mhoja, mpiga kengele, aliyekuwa anafagia uani, akaacha fagio akaingia ndani na kusimama tu.

Jonathan ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alitoa simu yake yenye programu ya kupima sauti, akabonyeza la, noti ambayo wanamuziki hupimia sauti, na Ng'washi akabadilisha namba ya ubao hadi simu ikaonyesha mapigo mia nne arobaini kamili kwa sekunde, kipimo ambacho dunia nzima inatumia siku hizi.

"Shikamoo tena, mama," Jonathan akasema huku anacheka. "Sasa kinanda na tarumbeta vitaimba pamoja."

"Marahaba, mwanangu."

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka nje. Tuliimba wimbo ambao sisi wa zamani tuliujua kama njia ya kwenda kisimani. Nilisimama mstari wa mbele, sauti ya kwanza, pamoja na Ajwang, mchuuzi wa samaki aliyezaliwa Shirati na kuolewa hapa Magu tangu ujana. Tulifika kwenye kile kilele tulichokipanda maelfu ya mara. Nikafungua kinywa. Kilichotoka sitaki kukieleza. Ajwang yeye alinyamaza kabisa, akabaki anachezesha midomo.

Baada ya misa Ajwang alikaa kwenye ngazi ya nje na kuvua viatu.

"Kinanda ni kizuri," alisema. "Lakini si chetu. Sauti yangu inakwenda vizuri, halafu inagonga dari. Zamani hapakuwa na dari pale."

Jonathan alikuwa anapita. Akasema kwa upole, si kwa dharau, "Mama zangu, nawaheshimu. Ila kinanda hakijabadilika, huo ndio ufunguo wa wimbo. Labda ni sisi tunabadilika." Akaendelea na safari yake.

Ng'washi alikuwa amesimama karibu, ameshika mkoba wa vifaa. Uso wake uliniuma. Mtu amesoma miaka miwili kuturudishia kitu, na kitu chenyewe kimetukataa.

"Dada Hellen," aliniambia tulipokuwa tunashuka kilima, "nataka kujua. Kilikuwa chini kweli, au mmezeeka?"

"Unataka nikujibu nini?"

"Sitaki jibu. Nataka kupima."

Kupima vipi kitu kilichokufa? Koili ilikuwa imekatika na kutupwa. Mwalimu Venant alikuwa kaburini. Nikakumbuka kaseti. Mwaka 2006 parokia ilipotimiza miaka hamsini, mtu mmoja aliturekodi misa nzima, na nakala yangu bado nilikuwa nayo kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya watoto. Tukaazima redio kaseti kwa jirani. Tukamsikia Mwalimu Venant akikohoa kabla ya wimbo wa kuingilia. Ng'washi aliinamisha kichwa kama mtu aliyesalimiwa.

Kisha akasikiliza mara ya pili akiwa na simu mkononi, akakunja uso.

"Haifai. Redio hii inakimbia. Nyingine ingechelewa. Siwezi kujua kaseti inasema kweli au inadanganya."

"Basi tumekwama."

Akairudisha nyuma, tukasikia tena kelele za watu wanaoingia, mtoto analia, na kabla ya kikohozi cha Mwalimu, mlio wa chuma: ngoo, ngoo, ngoo. Ng'washi akabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Hiyo ni nini?"

"Kengele. Lile rimu la lori tulilokuwa tunagonga kabla hatujaletewa kengele ya shaba."

"Liko wapi sasa?"

Mhoja ndiye aliyejua. Kengele mpya ilipoletwa, rimu la zamani lilipelekwa shule ya msingi iliyo chini ya kilima, likatundikwa kwenye mti, na hadi leo ndilo linalowaingiza watoto darasani. Tulikwenda asubuhi ya Jumatatu. Mwalimu mkuu, Elias, aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, kwa hiyo hakuuliza mengi. Ng'washi alimweleza kwamba chuma kile hakijabadilika, mlio wake wa leo ndio ule wa mwaka 2006. Akiupima hapa, halafu akaupima kwenye kaseti, atajua redio inakimbia kwa kiasi gani. Na akishajua hilo, atajua kinanda kilikuwa wapi.

"Gonga tu, mama," Elias akasema.

Ng'washi akaokota nondo akagonga mara tatu, simu ameishika juu ya kichwa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Milango ya madarasa kumi ikafunguka kwa pamoja na shule nzima ikamwagika uwanjani, wanapiga kelele, wengine tayari wameshika vikombe vya uji. Elias alikimbia huku na huku akipunga mikono: "Rudini! Si mapumziko! Rudini!" Hakuna aliyemsikia. Ilibidi mapumziko yawe hapo hapo. Ng'washi alicheka hadi akakaa chini ya mti na kufuta machozi kwa kanga. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu Ngosha alipokuwa hai.

Hesabu aliifanya mezani kwangu. Rimu lenyewe lilipiga mia sita na kumi na mbili kwa sekunde. Kwenye kaseti lilipiga mia sita thelathini. Redio ilikuwa inakimbia. Akaipunguza la ya kinanda iliyosikika kwenye kaseti kwa uwiano huo huo, akaandika jibu, akalizungushia duara: mia nne kumi na tisa.

"Ishirini na moja chini," alisema. "Karibu nusu sauti nzima. Hamkuwa mnaota." Lakini hakuonekana kufurahi. Aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo sikio la Mwalimu lilikuwa linazeeka, na mimi nilikuwa nazungusha tu anavyosema. Ningeweza kuleta kipimo kutoka kiwandani siku yoyote. Sikuwahi. Nilimwamini kuliko kipimo."

Alitaka kwenda kwa Mama Modesta, mjane wa Mwalimu Venant, amwombe radhi. Nilimwambia hakuna kosa la kuombea radhi. Akasema ataomba hata hivyo. Tulimkuta nyumbani kwake karibu na ziwa, anatandaza dagaa juani kwenye chandarua kuukuu. Alikuwa anakaribia miaka themanini, mgongo umepinda, macho mazima.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Msikanyage dagaa."

Ng'washi alimweleza yote: koili, kopo la mbegu, kaseti, rimu, mia nne kumi na tisa. Alieleza kwa shida, akitazama chini. Mama Modesta alisikiliza hadi mwisho, akajipangusa magamba mikononi, akaingia ndani. Alirudi na leso iliyokunjwa. Akaifungua. Ndani kulikuwa na chuma chenye meno mawili kama uma, kile ambacho wanamuziki hugonga ili kupata sauti sahihi.

"Alipewa seminarini," alisema. "Hakukipoteza hata siku moja. Kilikuwa chini ya mto wake kitandani."

"Alikuwa anakitumia?" Ng'washi akauliza.

"Kila mwaka, Kwaresima ikikaribia, alikuwa anakigonga gotini, anaweka sikioni, anacheka peke yake. Namwuliza, unacheka nini? Ananiambia, 'Modesta, nitawashusha tena kidogo. Ajwang anaanza kuchoka juu, na Hellen bado anafikiri ana miaka thelathini. Sitaki ajue.'"

Nilikaa chini. Nafikiri nilikaa kwenye mchanga, sikumbuki kuletewa kigoda. Miaka yote ile nilipokuwa najisifu, nikiwacheka wenzangu waliohamia sauti ya pili, kumbe kila mwaka mtu alikuwa ananishushia ngazi polepole nisione kwamba siwezi tena kupanda. Nilisikia aibu kwanza. Halafu aibu ikaniacha, ikaja nyingine ambayo sikuwa na jina lake, na nikalia mbele ya dagaa za watu.

Ng'washi alikuwa ameshika kile chuma, anakigeuza geuza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha," alisema. "Nilikuwa nasikia 'rudi nywele moja.' Nilidhani anatafuta sauti sahihi."

"Alikuwa anaitafuta," Mama Modesta akajibu, akainama tena kwenye dagaa zake.

Jumamosi iliyofuata Ng'washi alifungua mgongo wa kinanda akaongeza swichi ndogo kama ya taa. Jonathan alikuwa hapo, ameingiwa na wasiwasi.

"Mama, tarumbeta hazishuki. Hizo hazina namba."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimeweka swichi. Juu ni mia nne arobaini, ya kwako. Chini ni mia nne kumi na tisa. Ndani ya ubao ziko namba mbili tu. Swichi inachagua ipi itupwe kwenye kopo."

"Na ya chini ni ya nani?"

Ng'washi alinitazama. Nilimsimulia Jonathan mwenyewe, mbele ya kwaya nzima, pamoja na sehemu inayonihusu. Sikuficha. Ajwang alimwita Mungu kwa Kijaluo chake, "Nyasaye!" akajifunika uso. Jonathan alikaa kwenye kinanda, akashusha swichi, akapiga wimbo ule ule wa Jumapili, taratibu, na sisi tukasimama bila kuambiwa.

Siwezi kueleza vizuri. Haikuwa sauti tu. Ilikuwa kama kuingia nyumba uliyoihama ukakuta mikeka imetandikwa vile vile. Nilikijua kila kibonyezo. Nilimwona Mwalimu amefumba macho, nilisikia harufu ya mafuta ya taa tuliyosugulia sakafu miaka ile, niliwaona wenzetu saba ambao hawapo. Kilele kilipofika nilikipanda, Ajwang akakipanda, bila dari. Ng'washi alikuwa nyuma ya kinanda, haonekani, na wimbo ulipokwisha hakutoka upesi.

Tulikubaliana hivi: misa ya kwanza, ambayo wengi ni watu wazima, swichi chini, misa ya pili, ya vijana na tarumbeta, swichi juu. Mwaka mmoja baadaye nilimwendea Jonathan nikamwomba anihamishie sauti ya pili. Hakuna aliyenisukuma. Nimegundua ni sauti nzuri, na wanaoiimba wanasikia nyimbo ambazo sisi wa juu hatukuwahi kuzisikia.

Kwa Ng'washi mambo yalikuwa na upande wake mwingine, na huo aliniambia mara moja tu. Kinanda sasa hakihitaji mtu. Jua liwake, mvua inyeshe, namba haibadiliki. Jumamosi ya kwanza baada ya kazi kwisha alipanda gari Buhongwa akaja hadi Magu kwa mazoea, akafungua skrubu nane, akazipanga kwenye benchi, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo, akafunga. Alikuja tena mara mbili au tatu. "Nimekitengeneza hadi nimejifukuza kazi," alisema, na akatabasamu, lakini nilimwona akitazama mahali alipozoea kupiga magoti, pale sementi ilipochakaa.

Habari zilisambaa. Mwaka jana usharika mmoja wa Usagara, wenye kinanda cha umri ule ule, ulimwita. Nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na nafasi na nilitaka kumwona akifanya kazi kwa wageni. Alifungua, akapachika ubao, akaunganisha nyaya, na mpiga kinanda wao, bwana mmoja mnene mwenye haraka, akatoa simu yake tayari.

"Weka mia nne arobaini, mama, tumalize. Ndiyo kipimo, si ndiyo?"

"Ndiyo kipimo," Ng'washi akasema. "Wanakwaya wako wapi?"

"Wako nje, wanasubiri."

"Waite."

Waliingia kama ishirini hivi, wengi wanawake wa makamo, wengine na watoto mgongoni. Walidhani wanaitwa kusikia kinanda. Ng'washi alivuta benchi, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Kinanda bado hakijawashwa," aliwaambia. "Niimbieni kwanza nyinyi, wimbo mnaoupenda. Msitafute ufunguo. Anzeni panapowafaa."

Wakatazamana. Bibi mmoja aliyesimama pembeni, mwenye kilemba cheupe, akakohoa kidogo na kuanzisha. Wengine wakamfuata. Ng'washi akafumba macho akasikiliza.